Koti la Nehemiya na Waongo wa Barafuni

Gervais Fundi Cherehani,
Base Camp, nyuma ya kanisa,
Kambi ya Nakivale,
kwa mkono wa parokia, Mbarara,
Uganda.

Tarehe 4 Machi 2012

Mpendwa mdogo wangu Pascaline,

Kabla ya neno lolote, salamu. Habari ya mwili? Habari ya shemeji yangu Elisée na goti lake? Watoto wanaamkaje? Na lile jua lenu, limerudi? Uliposema kwenye simu kwamba huko Tromsø jua linaondoka mwezi wa kumi na moja na kurudi mwezi wa kwanza, niliwaeleza watu hapa kwenye mashine yangu na hakuna aliyeniamini. Nikawaambia, dada yangu anakaa nchi ambayo jua lenyewe limeomba ukimbizi fasi nyingine. Walicheka mpaka mzee mmoja akaondoka bila suruali aliyokuja kuichukua.

Sisi hapa tunapumua. Wifi yako Eugénie anasumbuliwa na mgongo, lakini ulimi wake una afya nzuri sana. Prince ameng'oka meno mawili ya mbele na bado anajibu watu wakubwa. Eliane yuko Senior Three sasa, amerefuka hata ananipita bega, na nikimtuma jambo ananiuliza kwanza sababu. Mimi mwenyewe, bila kujisifu, niko mzima kiasi cha kuwaudhi maadui, na kutoka Rugaaga mpaka Mbarara hakuna fundi anayekata suruali kama mimi. Shule niliachia njiani, unajua, lakini mkasi wangu una diploma.

Mvua imeanza vizuri. Maharagwe yameota, na ile mihogo uliyoicheka mwaka ule kwamba imekonda kama karani, mwaka huu imenona.

Mama alitufundisha kwamba hasira haitangulii salamu. Basi salamu zimekwisha, mdogo wangu. Nina hasira. Vuta kiti ukae.

Kitabu cha wasafiri wa barafuni ulichomtumia Eliane kilifika. Nilikichukua parokiani Mbarara siku niliyopeleka magwanda ya askari niliyoyatengeneza. Mama Kellen, mke wa Sajini Apollo, yule anayekaa kambi ya jeshi na kuniletea kazi zote za nyumba jirani, alikitazama kile kitabu, akaona mbwa juu ya jalada, akaniambia kwa Kiswahili chake cha jeshini, "Wewe Mukongo, sasa naanza soma ya mbwa? Hiyo daktari ya ng'ombe itakushinda." Nikamwambia, mama, hawa si mbwa wa kawaida, hawa wamefika mwisho wa dunia. Akasema, "Na walirudi?" Sikujua bado. Sasa najua. Waliondoka mbwa hamsini na wawili kwenda ncha ya kusini, wakarudi kumi na mmoja. Wengine waliliwa njiani, na watu na mbwa wenzao. Nilipomrudishia Mama Kellen habari hiyo akasema, "Hiyo ni afande mubaya."

Tunakisoma hivi. Mchana, Eliane akitoka shule, anakaa kwenye benchi langu na kusoma kwa sauti, mimi nakanyaga mashine. Kifaransa chake amekipata kwenye Biblia ya Eugénie, kwa hiyo hata mabaharia wanasema kama manabii. Lakini nimeelewa yote. Na mambo niliyoyaelewa ndiyo yaliyonipandisha damu.

Kwanza, kama fundi. Wale Waingereza wa Kapteni Scott, walioondoka kwenda ncha ya kusini wakakuta watu wa Norvège, nchi yenu hiyo, wametangulia mwezi mzima, wakafa wote watano wakirudi: nani aliwapima nguo? Eliane alinionyesha foto. Mtu anavuta mzigo kama punda, jasho linamtoka, na nguo haitoi jasho nje. Jasho likilala ndani ya nguo kwenye baridi ile linageuka barafu. Mimi ambaye sijaona theluji hata ya kwenye glasi ningewaambia hilo bure.

Wenzao wa Norvège zamani walikuwa wamekaa miaka miwili na watu wa barafu ya kaskazini, Wainuiti, wakajifunza kuvaa ngozi isiyobana mwili, hewa inapita. Vizuri. Lakini niambie, zile ngozi zilishonwa na nani? Eliane alitafuta kitabu kizima. Kapteni ana jina, merikebu ina jina, mbwa wana majina. Wanawake waliokaa chini wakatafuna ngozi mpaka ikalainika, wakaishona mshono ambao maji hayaingii, kitabu kinasema tu "wanawake wa kienyeji". Nilisimamisha mashine. Nikamwambia Eliane, andika pembeni kwa kalamu: Mafundi wote wa Nakivale tunapinga. Ameandika.

Halafu huyo Amundsen mwenyewe, kapteni wa watu wa Norvège, ambaye unasema sanamu yake iko mjini kwenu na unaipita ukienda kazini, na ambaye Desemba iliyopita mlimfanyia sikukuu ya miaka mia tangu afike kusini. Je, ulikisoma kitabu kabla ya kukituma? Yule mtu alidanganya. Aliwaaga watu wote kwamba anakwenda ncha ya kaskazini. Akapewa merikebu kwa ajili ya kaskazini. Mabaharia wake wenyewe, isipokuwa wachache, waliamini kaskazini. Walipofika kisiwa cha Madeira ndipo akawaambia, bon, tunakwenda kusini. Mwongo wa namna hiyo angekuja hapa Base Camp, dosie yake ya ukimbizi ingefungwa kabla hajakaa kwenye kiti. Kwenu amewekewa sanamu na njiwa wanampumzikia kichwani.

Nisamehe, najua ni nchi iliyokupokea na naishukuru kila Jumapili. Naipigia makofi. Lakini makofi mengine nayaweka mfukoni mpaka mambo yetu yaishe.

Sasa nifike kwenye mambo yetu, maana hayo ndiyo yanayonifanya niwapigie kelele wafu.

Unajua Novemba tuliitwa interviu ya kuhamishiwa ng'ambo, kama wewe, watu wanne: mimi, Eugénie, Eliane, Prince. Nilijibu vizuri. Waliniuliza watoto wako ni wangapi, nikasema wawili. Wa kwanza? Eliane. Wakaandika. Nikatoka pale nikijiona tayari nimevaa kofia ya sufu.

Januari wakaniita tena, peke yangu. Alikuwa dada mmoja mwenye viatu vizuri, mpole kabisa, na huo upole ndio uliniuma zaidi. Mbele yake karatasi mbili. Moja yangu. Nyingine yako, Pascaline, ya mwaka 2006, ulipofanyiwa interviu yako kabla ya kuondoka. Akanisomea maneno yako. Kwamba kaka yetu Nehemiya alikufa, akaacha mtoto mmoja, yatima, jina Eliane, anakaa kwa kaka yangu Gervais.

Akaniuliza, "Huyu binti umemzaa wewe?"

Nikasema, "Ni wangu wa kwanza."

"Sikuulizi hesabu, mzee. Umemzaa?"

"Alizaliwa na Nehemiya. Baba yake ni mimi."

"Basi Novemba ulisema uongo."

Pascaline, mimi nimeitwa majina mengi. Askari wa barabarani wameniita majina, wakwe zangu wameniita majina. Lakini neno lile, kwa sauti ile ya kuuliza dawa duka la dawa, liliyapita yote.

Akanieleza njia mbili. Ama nikate jina la Eliane kwenye karatasi yetu, sisi watatu dosie iendelee, na yeye afanyiwe dosie yake peke yake ya yatima, ambayo hajui itachukua miaka mingapi. Ama nisikate, na dosie yote ilale, kwa sababu mkuu wa nyumba amesema uongo. Nilete jibu baada ya Pasaka.

Nilikwenda nyumbani nikachukua koti la Nehemiya. Ndiyo, lile lile. Nikarudi nalo siku hiyo hiyo, nikalitandika kwenye meza yake. Nikamwambia, dada yangu, karatasi yangu hii hapa. Akaligusa kidogo kwa kidole, akasema, "Mzee, nguo si hati."

Nguo si hati. Haya. Mimi fundi nikae nisikie hivyo.

Sasa sikia yale Eliane aliyonisomea wiki mbili baadaye, uone kama Mungu hana mzaha. Alikuwepo Mwamerika anaitwa Peary. Huyu alikwenda ncha ya kaskazini mara nyingi na kushindwa, mpaka mwaka 1909 akarudi akasema, nimefika. Nani alishuhudia? Alikuwa na mtu mweusi kama mimi, Matthew Henson, ambaye alijua lugha ya Wainuiti na kuendesha mbwa kuliko wazungu wote, na Wainuiti wanne. Nitayaandika majina yao ili angalau barua moja ya Kiswahili iwe nayo: Ootah, Egingwah, Seegloo, Ooqueah. Lakini pale mwisho hakuwepo mwingine wa kupima nyota na jua ila Peary peke yake. Daftari lake la siku ile lina karatasi tupu. Mwendo aliosema alitembea kwa siku, wataalamu wanabishana nao mpaka leo. Wakati huohuo daktari mwingine, Cook, naye anasema nilifika mwaka mmoja kabla yake, vipimo vyangu nimeviacha Greenland kwenye masanduku. Na Wainuiti wawili waliotembea na daktari wakaulizwa maswali na watu wa Peary, ramani mbele yao: mlipita wapi, mlilala mara ngapi.

Nikamwambia Eliane, simama hapo. Hiyo ni interviu.

Akacheka, akasema, "Papa, endelea kusikia, mbele kuna kitambaa."

Mbele kulikuwa na kitambaa kweli. Mke wa Peary alikuwa amemshonea bendera. Peary akaivaa chini ya nguo, kwenye mwili, miaka mingi. Kila fasi ya mbali aliyofika alikata kipande cha bendera, akakiacha pale kwenye mawe au barafu, kuwa ushahidi. Aliporudi bendera ina viraka kama shuka la mkimbizi. Na dunia ikasema nini? Ikasema, sawa, mzee, kitambaa hicho tumekiona. Wakampa medali. Matthew Henson, yeye wakampa kazi ya ukarani kwenye forodha.

Basi mwenye daftari tupu, kitambaa chake ni ushahidi. Mimi nisiye na karatasi tupu hata moja, nguo yangu si hati. Nilikanyaga mashine siku ile mpaka ukanda ukakatika, na gwanda la askari mmoja nikalishonea mfuko mgongoni. Mama Kellen alilirudisha akiniuliza kama jeshi sasa linabeba karanga kwa nyuma.

Nilimweleza yeye yote, maana hakuna siri kwenye mashine ya kushona. Alikaa na gwanda mapajani, akasema, "Sisi kwa barracks, mwanajeshi akikufa kwa vita, rafiki yake nachukua mutoto, naandika. Nani naweza uliza? Mutoto nalala kwa nyumba gani, hiyo ndiyo baba." Mwanamke huyo hajui hata jina la kijiji chetu, Pascaline, na ameelewa. Wewe uliyekuwepo unanipigia simu.

Unanipigia simu mwezi uliopita unasema, "Yaya, kaka yangu, mukate jina tu, mutangulie. Atafuata. Huku tutamwombea." Sikukujibu vizuri siku ile, nilisema simu inaisha moto wa betri. Haikuwa inaisha. Ni mimi niliyeisha.

Basi nakujibu leo, na nakukumbusha, kwa sababu naona baridi imekugandisha kichwa.

Ilikuwa mwaka 1998, Uvira. Kipindupindu kilimchukua Nehemiya kwa siku mbili. Mama yake Eliane alikuwa ametangulia mwaka mmoja kabla. Siku ya kutoka kilio, mjomba Kabanda alisimama katikati ya watu na lile koti mikononi. Wewe ulikuwa na miaka kumi na nne. Asubuhi ile koti lilikuwa limechanika mfuko wa ndani, na mjomba alisema koti lenye tundu halivalishwi, ndipo wewe ukachukua sindano, uzi mweusi hakuna, ukalishona kwa uzi mwekundu, mshono mbaya ambao sijaona mfano wake, kama njia ya kuku kwenye matope. Unakumbuka. Mjomba akauliza mara tatu, nani anavaa? Mara ya tatu nikanyoosha mikono. Akanivisha. Lilinipwaya, Nehemiya alikuwa mtu mkubwa. Halafu wakamkalisha Eliane magotini pangu, nikamega bugali nikamlisha kwa mkono wangu mbele ya watu, akala, akadondosha samaki kwenye koti. Doa liko hadi leo.

Kwetu likishavaliwa koti, maneno yamekwisha. Jembe la marehemu ni lako, na mtoto wa marehemu ni wako, na hakuna tena mtoto wa marehemu. Bibi Marthe alikosea akamwita Eliane "yatima wa Nehemiya" kwenye kisima, wazee wakamtoza kuku. Ulikula kuku yule, Pascaline. Ulikula paja.

Mimi nimeshona miaka ishirini na miwili. Nguo zote za nyumba hii nimezipunguza, nimezigeuza, nimezifanya mpya. Lile koti sijalipunguza hata inchi moja, na ule mshono wako wa kuku sijaugusa, ingawa kila nikiufungua naona aibu kwa kazi yangu. Halipunguzwi. Ni wewe ukue mpaka likutoshe.

Sasa wewe, kwenye biro ile, ofisi ya maswali, mwaka 2006, ulisema "yatima". Sikuhukumu. Ulikuwa na miaka ishirini na miwili, mimba ya kwanza tumboni, unaogopa kukosea. Waliuliza nani amekufa, ukataja waliokufa. Nani amebaki, ukataja waliobaki. Hawakuuliza nani alivaa koti, na wewe hukusema. Ulisema nusu ya kwanza ya ukweli, na nusu hiyo sasa inamla mtoto.

Kuna jambo moja zaidi na ndilo lililonifanya nikate shauri la kuandika badala ya simu.

Kitabu kikakaribia mwisho. Siku moja naona Eliane anasoma, anafika ukurasa fulani, anaruka. Kesho yake anaendelea kutoka mbele. Mimi sikumaliza shule lakini kurasa najua kuhesabu. Nilipokichukua kitabu niliona pembe ya ukurasa imekunjwa. Nikamwita, nikamwambia, soma hapa.

Akasoma, taratibu. Ni habari ya huyo huyo Amundsen wenu, miaka mingine mbele, kule pwani za Siberia. Alimchukua mtoto wa kike wa watu wa kule, wa miaka minne au mitano hivi, mama yake alikuwa amekufa. Kakonita. Akamwogesha, akamtibu, akamlisha. Akachukua na msichana mwingine mkubwa kidogo, Camilla, wawe wawili. Akawapeleka Norvège kwenye nyumba yake, wakavaa nguo za huko, wakasoma shule, wakasema Kinorvège. Kuna foto yao, na nguo zilikuwa zimeshonwa vizuri, siwezi kusema uongo. Halafu mali ikamwishia, mambo yake yakaharibika, na mwaka 1924 akaagiza warudishwe walikotoka. Wakapandishwa merikebu.

Eliane alipomaliza kusoma aliniuliza, "Papa, kule walikorudishwa walipokelewa na nani?"

Nikasema, sijui, mama, kitabu kinasemaje?

"Hakisemi."

Halafu akasema, bila kuniangalia, "Shangazi alikisoma kabla ya kunitumia?"

Nikamwambia hapana. Shangazi yako hasomi, anaangalia foto tu. Nimekutetea, Pascaline. Nimekuita mjinga ili nisikuite jina lingine. Lakini niambie wewe mwenyewe ningemjibu nini. Mtoto huyo anajua habari ya karatasi. Kambi hii ni ya hema na udongo, maneno yanapita ukutani. Na tangu Januari anajua kwamba kuna kalamu mahali fulani inangoja kumkata, na shangazi yake aliyembeba mgongoni anasema kata.

Usiniambie atafuata. Amundsen naye huenda alijiambia watafika salama.

Jibu langu kwa biro nimeshalitoa, sikungoja Pasaka. Nilikwenda Jumatano na Eugénie, amevaa kitenge chake cha harusi, mgongo umenyooka kama bunduki. Tulisema watu wanne au hakuna. Yule dada akatuuliza kama tunaelewa maana yake. Eugénie akamjibu kwa Kifaransa chake chote, "Madame, mimi nilimkuta huyu mtoto kwenye nyumba siku nilipoolewa. Alinifungulia mlango. Wa kukatwa ni mimi kwanza." Yule dada aliinama akaandika muda mrefu. Akasema kuna njia nyingine moja, nyembamba: kama yule aliyesema mwaka 2006 atatoa maelezo mapya, kwa mkono wake na sahihi yake, ya kueleza jambo lote lilivyokuwa, wataweza kuyaweka kwenye dosie na kuitazama upya.

Njia nyembamba hiyo ni wewe.

Sikuombi useme uongo. Sikuombi useme nilimzaa. Andika kilichotokea Uvira siku ya kutoka kilio: nani alishika koti, nani aliuliza, mara ngapi, nani alivaa, nani alikalishwa magotini, nani alilishwa. Andika kwa nini ulisema yatima na kwa nini kwetu hilo neno linatozwa kuku. Tia sahihi, shemeji Elisée naye atie, alikuwepo kwenye kilio hata kama alikuja kwa ajili ya chakula na kukutazama wewe. Tuma moja kwa moja biro, nakala kwangu. Ifike kabla ya Pasaka, tarehe nane mwezi wa nne.

Na usije ukaniambia kwamba ni zamani, umesahau. Nimefikiria hilo.

Jana mchana nilitandika koti kwenye meza ya kukatia. Sijawahi kulitandika pale kwa miaka kumi na minne, Eugénie alitoka nje asione. Nikachukua mkasi mkubwa nikate kipande, kama Peary na bendera yake. Mkono wangu, ambao umekata nguo za kanali na za bibi harusi, ukakataa. Nikalaza ncha ya mkasi kwenye ukosi, nikaondoa. Nikalaza kwenye pindo, nikaondoa. Eliane alikuwa kwenye benchi na vitabu vyake. Akainuka, akauchukua mkasi mkononi mwangu kama mtu anavyomnyang'anya mtoto kisu.

Akafungua koti ndani, akatafuta mfuko wa ndani, ule wenye mshono wako. Akakata bitana tu, kipande cha ukubwa wa kiganja, uzi mwekundu wote umo, njia ya kuku kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Alikata vizuri, mstari umenyooka. Mkono wa nyumba hii.

Nikamuuliza kwa nini ndani, kipande cha nje kingeonekana vizuri zaidi kwa wazungu.

Akasema, "Nje tuache, Papa. Utalivaa siku ya safari, usionekane na kiraka."

Kipande kimo humu kwenye bahasha, kimefungwa kwenye karatasi ya sukari. Kishike. Huo uzi ni wako, huwezi kuukana, hakuna mtu mwingine Afrika nzima anayeshona vibaya hivyo. Ukipita kwenye ile sanamu na kipande mfukoni, mwonyeshe yule mzee. Mwambie hiki nacho kimefika.

Wasalimie watoto, uwaambie mjomba wao mkubwa anakuja, nchi nzima ivute pumzi. Msalimie shemeji Elisée, goti alipake mafuta ya mawese, asitegemee dawa za baridi. Mama Kellen na Sajini Apollo wanakusalimu ingawa hawakujui. Bibi Marthe anakusalimu, bado anamkumbuka kuku wake. Eugénie anakusalimu kwa mkono mmoja, mwingine unangoja wewe uandike. Prince ametuma jino lake, lakini nimelitoa, bahasha ingekuwa nzito.

Mungu aliyekuvusha maji yote yale awashe joto nyumbani mwako, na jua lenu asilizuie tena njiani.

Anayekupenda hata akiwa na hasira, kaka yako,

Gervais,
baba wa Eliane na Prince.